Treni za mwendokasi China: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msafiri wa kutoka kwetu anayekwenda China mara nyingi hushukia Guangzhou, ama kwa ndege ya kutoka Nairobi au Dar es Salaam, ama kwa kupitia Addis Ababa. Hapo ndipo hesabu inapoanza: Foshan kwa vigae na samani, Shenzhen kwa simu na vifaa vyake, Yiwu kwa bidhaa ndogondogo, Shanghai na Beijing kwa masomo na mikutano. Miji mikubwa ya China karibu yote imeunganishwa na reli ya mwendokasi, na treni yenyewe haisumbui mtu. Kinachosumbua ni yale yanayoizunguka: stesheni ipi, pasipoti, mzigo, na saa ya kufika getini. Ndiyo maana baadhi ya majibu hapa ni marefu na mengine ni ya mstari mmoja au miwili.

Herufi G, D na C kwenye namba ya treni ni za nini?

G ni gaotie, zile za kasi zaidi, kilomita 300 hadi 350 kwa saa. D ni dongche, nyingi zikiwa kati ya 200 na 250. C ni za masafa mafupi kati ya miji jirani, kama Beijing na Tianjin. Ukikuta Z, T, K au namba tupu, hiyo ni treni ya kawaida. Nauli yake ni nafuu sana, lakini safari ndefu itakulaza njiani.

Usichague kwa herufi peke yake. Tazama muda wa safari. Kati ya Beijing na Shanghai, kilomita 1,318, ipo G inayotumia saa 4 na dakika 18, na ipo G nyingine inayokaribia saa 6, kwa sababu ya kwanza inasimama mara chache tu na ya pili inaokota abiria kila mji. Kwenye programu ya simu ya kukatia tiketi zote mbili zinakaa bega kwa bega na anayeharakisha kubonyeza haoni tofauti. Jambo dogo la kukusaidia kujua kama umeshika treni ya upande wako: namba witiri kwa kawaida zinatoka Beijing, namba shufwa zinaelekea Beijing.

Kweli zinakwenda kilomita 350 kwa saa?

Ndiyo, kwenye njia zilizoruhusiwa kasi hiyo. Njia ya Beijing–Tianjin ilifunguliwa Agosti 2008, siku chache kabla ya Olimpiki. Ya Beijing–Shanghai ilifunguliwa mwishoni mwa Juni 2011, na treni za Fuxing zilianza kukimbia 350 juu yake mwaka 2017. Skrini iliyo juu ya mlango wa behewa huonyesha kasi kila baada ya muda. Aliyezoea treni ya mchongoko ya Dar es Salaam–Dodoma ya kilomita 160 kwa saa atakuwa amezidishiwa zaidi ya mara mbili, ila hataisikia mwilini. Kasi unaijua pale treni ya upande wa pili inapopishana na yenu: dirisha linapigwa na upepo kwa mshindo mmoja, na kabla hujageuza shingo imeshapita.

Kwa nini kila anayeijua China anauliza kwanza "stesheni gani" kabla ya "treni gani"?

Kwa sababu mji mmoja una stesheni tatu, nne au zaidi, na umbali kati yake unaweza kula muda wote uliouokoa kwa kasi. Kama kuna jambo moja la kubeba kutoka ukurasa huu, basi ni hili: chagua stesheni kwanza, treni baadaye.

Majina yake si magumu. Nan ni kusini, Bei ni kaskazini, Dong ni mashariki, Xi ni magharibi. Kwa hiyo Guangzhou Nan na Guangzhou Dong ni sehemu mbili tofauti kabisa, na dereva wa teksi atakupeleka ulikomwambia, si ulikokusudia.

Guangzhou: stesheni kubwa ya mwendokasi ni Guangzhou Nan, ambayo iko Panyu, mbali na katikati ya jiji. Ukiwa mtaa wa Sanyuanli, panda metro namba 2 mpaka mwisho, hakuna kubadilisha. Ukiwa mtaa wa Xiaobei, panda namba 5 kituo kimoja hadi stesheni ya zamani ya Guangzhou, kisha namba 2. Ukitoka uwanja wa ndege wa Baiyun, ni namba 3 hadi Jiahewanggang halafu namba 2, na ujipe zaidi ya saa moja. Tangu Desemba 2023 ipo pia Guangzhou Baiyun, iliyo karibu zaidi na katikati ya jiji, na baadhi ya treni za masafa marefu sasa zinaanzia huko. Kwa anayelala Xiaobei, hiyo mara nyingi ndiyo bora, hata kama treni yake inachelewa kufika kwa nusu saa.

Shenzhen: treni nyingi zinaishia Shenzhen Bei. Lakini kama unakwenda soko la simu la Huaqiangbei, tafuta treni inayofika Futian. Stesheni hiyo iko chini ya ardhi katikati ya jiji, na metro namba 2 inakufikisha Huaqiangbei baada ya vituo vichache. Wengi hawaioni kwa sababu wameandika "Shenzhen" na kuchukua ya kwanza iliyotokea.

Shanghai: Shanghai Hongqiao ndiyo kuu, na imeshikana na uwanja wa ndege wa Hongqiao. Hatari ni kwamba ndege nyingi za kimataifa zinatua Pudong, upande wa pili wa jiji. Tangu mwisho wa 2024 kuna reli ya haraka inayounganisha viwanja hivyo viwili kwa dakika 40 hivi. Kabla ya hapo ilikuwa ni kukaa kwenye metro namba 2 mpaka uchoke.

Beijing: treni za Shanghai zinatoka Beijing Nan, na za Guangzhou na Xi'an nyingi zinatoka Beijing Xi. Xi'an kwenyewe unashukia Xi'an Bei.

Ile treni ya sumaku ya Shanghai inanipeleka mji mwingine?

Hapana. Inatoka uwanja wa ndege wa Pudong hadi Longyang Lu, kilomita 30 kwa dakika nane hivi, basi. Ukishuka bado unahitaji metro. Zamani ilifika kilomita 431 kwa saa, siku hizi inakimbia 300. Ni starehe ya kujionea.

Safari za kawaida zinachukua muda gani?

Guangzhou Nan hadi Shenzhen Bei ni nusu saa, na treni ni nyingi kiasi kwamba huna haja ya kupanga mapema isipokuwa siku za sikukuu. Beijing hadi Tianjin nayo ni nusu saa. Shanghai hadi Hangzhou ni chini kidogo ya saa moja, na Shanghai hadi Yiwu ni saa moja na nusu mpaka mbili. Beijing hadi Xi'an ni saa nne na ushee kwa zile za haraka. Xi'an hadi Chengdu, njia iliyofunguliwa mwishoni mwa 2017 kwa kutoboa milima ya Qinling, ni saa tatu mpaka nne, na sehemu kubwa utakuwa gizani ndani ya mahandaki. Guangzhou hadi Yiwu hesabu saa sita au saba. Guangzhou hadi Beijing, kilomita 2,298, ni kati ya saa saba na ushee na kumi, kutegemea treni.

Saa kwenye tiketi zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24. 07:00 ni saa moja asubuhi yetu, 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Unapopatana na mwenyeji wako kwa simu, mtajie kama ilivyoandikwa, usimtafsirie. Na China nzima inatumia saa moja, ya Beijing, ambayo iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano.

Nipande treni au ndege?

Kipimo changu ni saa tano. Safari ya treni isiyozidi saa tano, panda treni bila kufikiri mara mbili: hakuna kufika saa mbili kabla, hakuna kusubiri begi, na huko Hongqiao au Shenzhen Bei metro iko chini ya miguu yako. Beijing–Shanghai ndiyo mfano wenyewe. Daraja la pili ni kati ya yuan 550 na 670 kutegemea treni na siku.

Guangzhou–Beijing ni habari nyingine. Ndege ni kama saa tatu, na tiketi iliyokatwa mapema inaweza kuwa chini ya nauli ya treni. Hapo treni inabaki na faida mbili tu: haizuiliwi hovyo na msongamano wa anga, na unaiona nchi kutoka mashamba ya mpunga ya kusini hadi nyanda kavu za kaskazini. Kama huna haraka, inafaa mara moja. Guangzhou–Yiwu ninaipendelea kwa treni, kwa sababu mfanyabiashara ana sampuli na katalogi, na mizigo ya ndege inapimwa hadi gramu.

Tiketi nikate wapi?

Njia tatu. Ya kwanza ni 12306, tovuti na programu rasmi ya shirika la reli, ambayo ina toleo la Kiingereza na haikati kamisheni. Mgeni anatakiwa kuhakikiwa pasipoti kwanza, na uhakiki unaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo jisajili ukiwa bado nyumbani. Ya pili ni mawakala wa mtandaoni kama Trip.com, wanaotoza ada kidogo lakini wanakubali kadi za nje bila usumbufu. Ya tatu ni dirisha la tiketi stesheni, ukiwa na pasipoti mkononi.

Kwa dirishani, andika kwenye karatasi namba ya treni, tarehe, na majina ya stesheni kwa herufi za Kichina. Mfano 广州南 kwa Guangzhou Nan. Ukiweka karatasi hiyo kwenye kioo, mhudumu anamaliza kazi kwa dakika moja. Ukianza kutamka, foleni nyuma yako inaanza kuguna.

Zinaanza kuuzwa lini?

Siku 15 kabla ya safari. Mawakala wanaweza kupokea oda yako mapema zaidi, lakini hiyo ni oda tu. Mpaka wakutumie namba ya behewa na kiti, huna tiketi.

Kwa siku za kawaida, kukata siku mbili tatu kabla kunatosha. Vipindi vya kuogopa ni Mwaka Mpya wa Kichina, ambapo msimu wa kusafiri unadumu siku 40, kisha wiki ya tarehe 1 Oktoba, na siku za karibu na tarehe 1 Mei. Hiyo ya Mei inagongana na maonyesho ya biashara ya Canton Fair ya majira ya kuchipua kule Guangzhou. Wafanyabiashara wengi wa kwetu hujikuta wamemaliza kununua siku ileile Wachina wote wanapokwenda kwao. Ukiweza, ondoka Guangzhou siku moja kabla sikukuu haijaanza.

Treni niliyoitaka imejaa. Nifanye nini?

Jaribu stesheni nyingine ya mji uleule kwanza. Kisha weka jina kwenye orodha ya kusubiri ndani ya 12306. Mfumo unakukatia wenyewe nafasi ikipatikana, na isipopatikana unarudishiwa pesa yote. Kuna pia tiketi ya kusimama, wu zuo, kwa bei ileile ya daraja la pili. Kwa nusu saa ya Shenzhen haina neno. Kwa Yiwu utajuta kuanzia saa ya pili.

Jina langu ni refu, lina majina matatu au manne. Niandike yote?

Andika kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, na uhakiki namba ya pasipoti tarakimu kwa tarakimu. Namba ndiyo inayosomwa getini. Ukipata pasipoti mpya baada ya kukata tiketi, tiketi hiyo bado imefungwa kwenye namba ya zamani, kwa hiyo irudishe na ukate upya.

Nitapewa tiketi ya karatasi?

Hapana. Pasipoti ndiyo tiketi. Unaingia nayo, na stesheni nyingi unatoka nayo pia, kwa hiyo usiizike chini ya begi mara tu ukikaa. Piga picha ya skrini yenye namba ya treni, behewa na kiti, maana intaneti inaweza kukuangusha dakika ile ile unayoihitaji.

Nalipaje bila akaunti ya benki ya China?

Pakua Alipay au WeChat kabla ya kuondoka nyumbani na uunganishe kadi ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya ziada; yakizidi hapo, kuna makato ya asilimia 3. Programu hiyohiyo itakulipia metro, chakula na teksi. Beba pia noti kidogo za yuan, kwa sababu benki za kwetu wakati mwingine hufunga kadi zinapoona muamala wa China. Wapigie simu mapema uwaarifu.

Daraja la pili linatosha?

Linatosha, na kwa safari ya chini ya saa nne sioni sababu ya kulipa zaidi. Viti ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na nafasi ya miguu ni kubwa kuliko ya ndege ya kawaida. Daraja la kwanza ni viwili kwa viwili, kiti kipana zaidi, nauli ikizidi kwa kama nusu. Daraja la biashara ni viti vinavyolala kabisa, chakula na chumba cha kupumzikia stesheni, kwa nauli ya mara tatu au zaidi. Hapo labda kama kampuni inalipa.

Herufi za viti: A na F ni za dirishani, C na D ni za njiani, B ni ya katikati kwenye daraja la pili. E haipo. 12306 inakuruhusu kuchagua herufi lakini si safu. Mkiwa wawili na mnataka kukaa peke yenu, chukueni D na F.

Nifike stesheni mapema kiasi gani, na nikifika nafanya nini?

Dakika 45 hadi saa moja kwa stesheni kubwa kama unaijua njia. Kama ni mara ya kwanza, ongeza nusu saa. Guangzhou Nan na Hongqiao ni kubwa kiasi kwamba kutoka mlango mmoja hadi lango lako unaweza kutembea dakika kumi.

Mlangoni kuna ukaguzi wa pasipoti, kisha mzigo unapita kwenye mashine na wewe unapitishiwa kifaa mwilini. Ukishaingia ukumbini, tafuta namba ya treni yako kwenye ubao mkubwa. Haitakuonyesha jina la mji unaokwenda kama treni inaendelea mbele. Itaonyesha mwisho wa njia. Anayekwenda Yiwu kwa treni inayoishia Shanghai asitafute neno Yiwu, atafute namba. Mbele ya namba utaona lango, mfano 12A au 12B. Zote mbili zinashuka jukwaa lilelile. Chukua iliyo karibu na behewa lako.

Lango hufunguliwa robo saa hivi kabla ya kuondoka na hufungwa dakika tatu hadi tano kabla. Likifungwa limefungwa. Kubembeleza hakusaidii, hata kama treni unaiona imesimama pale chini. Wachina wanagusisha kitambulisho kwenye mashine na kupita. Wewe weka ukurasa wa picha wa pasipoti kwenye kisomeo, na ikigoma nenda lango la pembeni lenye mhudumu.

Chini kwenye jukwaa, namba za mabehewa zimechorwa sakafuni. Simama kwenye namba yako kabla treni haijaingia, kwa sababu vituo vya njiani husimama dakika mbili tu. Na hili liangalie sana: treni ya mabehewa 16 mara nyingi ni treni mbili za mabehewa manane zilizounganishwa pua kwa pua. Kati ya behewa la 8 na la 9 hakuna njia ya kupita. Kiti chako kikiwa behewa la 12 na ukarukia la 5 kwa haraka, utakaa huko mpaka kituo kinachofuata.

Mzigo wangu ni mkubwa. Wataniruhusu?

Kanuni ni kilo 20 kwa mtu mzima na kilo 10 kwa mtoto, na kwenye treni za mwendokasi urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 130. Begi la kawaida la kukokota linaingia. Lile la inchi 28 limeshavuka. Mara nyingi hakuna anayepima, na utaona watu wanapita na mafurushi. Lakini kanuni ipo, na mhudumu akiamua kuitumia huna pa kulalamikia. Zaidi ya hapo, mzigo utaunyanyua mwenyewe. Juu ya viti nafasi inatosha begi la wastani. Makubwa yanakaa mwisho wa behewa au nyuma ya safu ya mwisho, na yanawahiwa.

Ushauri kwa wafanyabiashara: sampuli moja moja chukua, zilizobaki waambie wauzaji wapeleke kwenye ghala la wakala wako wa mizigo. Ndivyo wanavyofanya kila siku.

Ukaguzi unanasa vitu ambavyo watu hawavitarajii. Seti ya visu vya jikoni uliyonunua Yiwu haitapita. Makopo makubwa ya dawa ya nywele au ya mbu ya kupuliza yataachwa hapo. Pawabenki iwe na maandishi yanayosomeka ya uwezo wake na isizidi wati-saa 100. Maandishi yakifutika, unaipoteza hata kama ni ndogo.

Kuna chakula cha halali ndani?

Kipo behewa la chakula na kuna mhudumu anayepita na kitoroli, lakini usitegemee halali itakuwepo kwenye kila treni. Tafuta herufi 清真 kwenye sanduku la chakula. Ndizo hizo hizo utakazoziona, mara nyingi kwenye kibao cha kijani, kwenye migahawa ya tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou, na migahawa hiyo iko karibu kila mji. Kula hapo kabla ya kwenda stesheni au funga uondoke nacho. 12306 pia ina huduma ya kuagiza chakula cha mgahawa kikaletwa kitini treni ikisimama kituo cha mbele.

Kila behewa lina bomba la maji yaliyochemka, bure. Wenyeji hubeba majani yao ya chai kwenye chupa ya thamosi na tambi za kikombe, na harufu ya tambi hizo saa sita mchana ndiyo harufu ya reli ya China. Beba majani yako, na tangawizi ukipenda.

Soketi na intaneti vikoje?

Kwenye daraja la pili soketi iko chini, kati ya viti; inamisha kichwa utaiona. Plagi ya Kenya na Tanzania yenye meno matatu ya mraba haiingii, kwa hiyo beba adapta ya meno mawili bapa. Mtandao wa simu ni mzuri isipokuwa ndani ya mahandaki. WhatsApp na Google hazifunguki kwa laini ya China, ila laini ya nyumbani iliyowekwa rominga kawaida inazifungua.

Vyoo?

Vipo vya kukaa na vya kuchuchumaa, visafi asubuhi, vya wastani jioni. Beba karatasi zako.

Watoto wanalipa?

Tangu Januari 2023 kinachoangaliwa ni umri, si kimo kama zamani. Chini ya miaka 6 ni bure, mtoto mmoja kwa kila mtu mzima, lakini bila kiti chake. Kuanzia 6 hadi kabla ya 14 ni tiketi ya mtoto yenye punguzo. Hata wa bure anatakiwa aandikishwe kwa pasipoti yake wakati wa kukata tiketi ya mzazi.

Nimebadili mpango. Narudishiwa pesa?

Ukirudisha tiketi siku nane au zaidi kabla ya safari, hakuna makato. Ndani ya siku nane lakini zaidi ya saa 48, wanakata asilimia 5. Kati ya saa 48 na 24, asilimia 10. Chini ya saa 24, asilimia 20. Kubadilisha kwenda treni nyingine mara nyingi ni nafuu kuliko kurudisha na kukata upya. Kama ulikata kwa wakala, rudi kwa wakala huyohuyo.

Na treni ikiniacha?

Hurudishiwi, lakini unaweza kubadilishiwa kwenda treni nyingine ya siku hiyohiyo kama ina nafasi. Nenda dirishani mara moja, usikae kulaumu foleni ya metro.

Ikiwa ni wao walioahirisha safari, unarudishiwa yote. Hilo hutokea hasa kwenye majimbo ya Guangdong na Zhejiang kati ya Julai na Septemba, vimbunga vinapokuja kutoka baharini. Siku hizo treni husimamishwa kwa makundi, tena mapema, kabla upepo haujafika. Ukiwa na ndege ya kurudi nyumbani kutoka Guangzhou wakati wa vimbunga, fika mjini siku moja kabla.

Naweza kuvuta sigara chooni?

Hapana. Vihisi moshi vinaweza kuipunguza treni mwendo au kuisimamisha. Faini ni yuan 500 hadi 2,000, na unaweza kuzuiwa kukata tiketi kwa siku 180.

Usalama wake ukoje?

Ajali kubwa inayokumbukwa ni ya Wenzhou, tarehe 23 Julai 2011, treni mbili zilipogongana baada ya hitilafu ya mfumo wa ishara wakati wa radi, wakafa watu 40. Kasi ilishushwa kwenye njia nyingi baada ya hapo, na 350 haikurudi mpaka 2017.

Kuna treni ya usiku ya mwendokasi, nisilipie hoteli?

Zipo baadhi za D zenye vitanda, na tangu Juni 2024 zipo za vitanda kutoka Beijing na Shanghai hadi Hong Kong, saa 12 na nusu na saa 11 hivi. Hazitoki kila siku, kwa hiyo panga safari kuzifuata.

Nikitoka Guangzhou kwenda Hong Kong kwa treni, viza yangu ya China inaathirika?

Inaathirika sana, na hili ndilo linalowaumiza watu. Treni ya Guangzhou Nan hadi West Kowloon, stesheni ya Hong Kong, inatumia kama dakika 50, na kukaa ndani yake ni kama kwenda Shenzhen. Lakini West Kowloon unapigwa muhuri wa kutoka China, kisha wa kuingia Hong Kong, yote ndani ya jengo moja. Kwa viza ya kuingia mara moja, hapo imekwisha. Huwezi kurudi Guangzhou jioni kuchukua mabegi yako hotelini. Kama Hong Kong imo kwenye mpango, omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi tangu ukiwa nyumbani, au iache iwe kituo cha mwisho na upande ndege ya kurudi huko huko. Angalia pia masharti ya Hong Kong kwa pasipoti yako, maana ni tofauti na ya China bara. Siku ya kurudi kutoka West Kowloon fika saa moja kabla, kwa sababu foleni ya uhamiaji inakuja kabla ya lango la treni.